Gari Kuukuu na Ushahidi Wake

Mtu anunuapo kitu kikuukuu hununua vitu viwili kwa bei moja. Hununua chombo cha kutumia, na hununua ushahidi wa mambo yaliyopita. Chombo kikivunjika, fundi aweza kukiunda tena. Ushahidi ukifutwa, hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha. Hivyo mtu aliyenunua gari la zamani, hasa lile lililoundwa kwa njia za mashamba, nyika na milima, hukabiliwa na swali zito kabla hajashika spana. Je, alitengeneze upya hata ling'are kama siku lilipotoka kiwandani, au alihifadhi kama alivyolikuta, pamoja na mikwaruzo yake na rangi yake iliyopauka? Wazee wetu wametuachia methali mbili zishindanazo juu ya jambo kama hili. Moja yasema, Ya kale hayako. Nyingine yajibu, Ya kale ni dhahabu. Nakuomba, msomaji, usichague upande upesi. Tutazame kwanza gari moja ambalo maisha yake yajulikana, kisha tuamue.

Gari hilo ni la aina ya Land Rover, na yafaa tujue asili ya aina hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia gari la Jeep la Kimarekani lililosalia baada ya vita, akaona kuwa kampuni yake yaweza kuunda gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Chuma kilikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo mwili wa gari ukafanywa kwa mabati ya alumini, na fremu, ambayo ni kama uti wa mgongo wa gari, ikafanywa kwa chuma. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Muda si muda ikaenea katika nchi nyingi zenye njia mbaya, na Kenya haikukosa. Mkulima aliijua, askari wa wanyama wa porini aliijua, hata mtoto wa kijijini aliujua mlio wake kabla hajaiona.

Mnamo Septemba 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walitoka London na Land Rover mbili, wakikusudia kufika Singapore kwa njia ya nchi kavu. Wengi walikuwa wamejaribu safari kama hiyo wakashindwa. Gari moja lilipakwa rangi ya buluu iliyokoza, likaitwa Oxford. La pili lilipakwa buluu hafifu, likaitwa Cambridge. Walivuka majangwa ya Mashariki ya Kati, wakapita Bara Hindi, wakapenya misitu ya Burma kwa barabara iliyojengwa wakati wa vita na ambayo msitu ulikuwa umeanza kuirudisha mikononi mwake. Walifika Singapore mwezi wa Machi 1956, kisha wakageuza magari wakarudi kwao. Mmoja wao, Tim Slessor, aliandika kitabu cha safari hiyo, na picha zao za sinema zikaonyeshwa katika televisheni ya Uingereza.

Watu walipewa sifa. Magari yalirudi kazini. Cambridge liliangamia baadaye katika milima ya Uajemi, lilipoanguka gengeni. Oxford lilipelekwa na msafara wa wataalamu wa ndege katika kisiwa cha Ascension, kilicho katikati ya bahari ya Atlantiki. Kutoka huko likaingia kisiwa cha Saint Helena, likatumika kama gari lolote la kisiwani, likazeeka, likasahauliwa. Mwaka 2017 lilinunuliwa na mpenzi wa magari ya kale, likarudishwa Uingereza kwa meli likiwa limechakaa vibaya.

Sasa, msomaji, jiweke mahali pa mnunuzi huyo. Mbele yako pana gari ambalo ni moja tu ulimwenguni. Washauri wawili wanakujia. Wa kwanza asema, "Litengeneze upya kabisa. Gari liliundwa ili liende. Gari lisilokwenda ni sanduku la bati. Breki zilizooza zaweza kuua mtu. Fremu iliyoliwa na kutu haiwezi kubeba hata heshima yake yenyewe." Maneno haya si ya upuuzi. Kutu ya fremu huanzia ndani, mahali pasipoonekana, na siku ionekanapo nje, kazi yake imekwisha kutendeka. Alumini nayo haili kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, kama katika visiwa, huliwa ikawa unga mweupe. Asiyefanya lolote hahifadhi. Anatazama tu uharibifu ukiendelea.

Mshauri wa pili asema, "Usiliguse. Kila bonyeo katika bati lile lina mahali pake katika safari. Ukilinyoosha na kulipiga msasa, utabaki na gari zuri linalofanana na Oxford, lakini Oxford yenyewe utakuwa umeitupa jalalani pamoja na vumbi la msasa." Maneno haya nayo yana uzito. Gari jipya la mfano wa zamani laweza kuundwa leo na fundi hodari mwenye fedha za kutosha. Hakuna fedha ziwezazo kununua bonyeo lililopigwa mwaka 1956 katika barabara ya Burma.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko magari. Katika karne ya 19 mafundi wa majengo waligombana vivyo hivyo juu ya makanisa ya kale ya Ulaya. Viollet-le-Duc, Mfaransa, alitaka jengo lirudishwe katika ukamilifu wake, hata kama ukamilifu huo haukupata kuwapo wakati wowote. John Ruskin, Mwingereza, aliandika mwaka 1849 kwamba kazi ya namna hiyo ni udanganyifu, na kwamba ni heri kulitunza jengo mapema ili lisihitaji kufufuliwa. Mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice waliafikiana kuwa urekebishaji wa majengo ya kale lazima usimame pale kubahatisha kunapoanza. Karibu nusu karne baadaye, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliandika kanuni zake, ziitwazo Mkataba wa Turin, likiutumia msingi huo huo kwa magari: tunza kwanza, tengeneza pale tu inapolazimu, na andika kila ulilolifanya.

Oxford likatengenezwa kwa njia ya kati. Lililohitajiwa ili gari liweze kwenda salama lilifanywa, lakini sehemu nyingi za asili kadiri ilivyowezekana zilibakizwa. Halafu likapewa kazi iliyostahili jina lake. Mwezi wa Agosti 1919 ungekuwa ndoto, lakini Agosti 2019 ilikuwa kweli: Oxford liliondoka Singapore kuelekea London, likiirudia njia ya zamani kutoka upande wa pili. Slessor, mwenye umri wa miaka 87, alikusudia kusafiri nalo, lakini aliugua mwanzoni mwa safari, na mjukuu wake akashika nafasi yake. Mwezi wa Desemba gari liliingia London, naye Slessor akalipokea. Kama lingaliachwa lilivyo, lisingalifika popote. Kama lingalibadilishwa lote, lisingalikuwa Oxford lililofika.

Lakini tusidhani kuwa kanuni moja yatosha kwa magari yote. Mwaka 2018 kampuni ya Land Rover ilitangaza kuwa gari mojawapo ya yale yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 limepatikana katika bustani ya nyumba, karibu na kiwanda kilikoundwa. Gari hilo la majaribio lilikuwa na mabati mazito kuliko ya magari yaliyofuata, na sehemu yake ya nyuma iliweza kuondolewa. Hapo hata bati lililotoboka ni kama ukurasa wa kitabu ambacho nakala yake ni moja. Kwa upande mwingine, kuna maelfu ya Land Rover za kawaida zilizokwisha kupakwa rangi mara tano na kubadilishwa injini mara mbili. Mwenye gari la namna hiyo akilitengeneza upya haibi historia ya mtu.

Basi ukipata gari kuukuu, usianze na msasa. Anza na maji, kitambaa na daftari. Lipige picha pande zote, hata chini ya sakafu. Soma namba ya fremu na ya injini. Chungulia tabaka za rangi katika pembe iliyofichika, maana huko ndiko gari huandika wasifu wake. Kisha jiulize maswali matatu. Je, jambo hili lahatarisha maisha? Kama ndiyo, lirekebishe pasipo kusita. Je, uharibifu huu unaendelea? Kama ndiyo, uzuie. Je, nitakalolifanya laweza kutanguliwa na atakayekuja baada yangu? Kama sivyo, ngoja. Na kila kipande utakachokiondoa kifungie karatasi yenye maelezo, ukiweke.

Yawezekana hutanunua gari la kale maishani mwako. Lakini huenda siku moja ukarithi sanduku la babu, au mlango wa kuchonga wa nyumba ya Lamu, au daftari la zamani la shule yako, na mtu akakuhimiza ulisafishe hata liwe jipya. Gari laweza kutengenezwa upya kila kizazi kitakapo, lakini laweza kuwa la asili mara moja tu. Ukilikumbuka hilo kabla ya kuinua msasa, mkono wako utakwenda polepole, na kwenda polepole ndiko kutakakoacha kitu kwa wale watakaouliza maswali ambayo sisi hatujayafikiria.