Dada wa saluni aliyewachezesha Wanazi, akaokoa watu 102

Kama unadhani saluni ni sehemu ya umbea tu, subiri umsikie huyu.

Mwaka 1940, Wajerumani walipouteka mji wa Brest, Ufaransa, Andrée Virot alikuwa dada wa miaka 35 mwenye saluni yake ya urembo. Alianza mdogo mdogo, kwa kusambaza magazeti ya siri. Baadaye akapewa jina la kazi, Agenti Rose, na mambo yakawa mazito: kuchunguza nyendo za jeshi la Wajerumani, na usiku kuingia porini na wenzake wakiwa na tochi, kuzionyesha ndege za Washirika pa kutua.

Askari wa anga ambao ndege zao zilidunguliwa walifichwa nyumba hadi nyumba, kisha wakatoroshwa. Aliosaidia kuwaokoa ni 102. Na ukikamatwa umemficha hata mmoja tu, umekwisha.

Mwaka 1944 zamu yake ikafika. Alikamatwa Paris, akateswa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, halafu Buchenwald. Aprili 1945 alikuwa ameshapangwa kwenye mstari wa kupigwa risasi. Mara paap, jeshi la Marekani hilo hapo!

Vita vilipoisha aliolewa na Mwingereza, John Peel, akahamia karibu na Bristol. Walitaka kumuua akiwa na miaka 40. Alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 105.