Kodi Iliyoliwa Njiani

Shikeni daftari na kalamu, maana historia ya leo ina hesabu ndani yake.

Zamani serikali nyingi zilitoza kodi kila mali ilipouzwa. Mkata mbao alitozwa, seremala akatozwa, mwenye duka naye akatozwa, na kodi ikarundikana juu ya kodi. Huko Ufaransa afisa mmoja wa kodi, Bwana Maurice Lauré, alibuni njia nyingine, ikawa sheria tarehe 10 Aprili 1954. Mfanyabiashara akate katika kodi aliyokusanya ile aliyokwisha kulipa aliponunua, kisha apeleke serikalini tofauti tu. Kodi ya namna hiyo ilifika Kenya mwaka 1990, na Tanzania mwaka 1998. Ndiyo tuiitayo Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT.

Sasa twende Bara Hindi, ambako kodi hii imeleta mashauri mengi mahakamani. Tarehe 1 Julai 2017 India ilianza kutoza nchi nzima Kodi ya Bidhaa na Huduma. Kiwango chake kimoja ni rupia 18 kwa kila 100. Andikeni hivi: seremala ananunua mbao za rupia 1,000. Anamlipa muuzaji 1,180, na zile 180 ni kodi. Anatengeneza meza, anaziuza kwa 1,500 na kukusanya kodi 270. Anakata 180, anapeleka serikalini 90. Muuzaji wa mbao naye yampasa kupeleka zile 180. Jumlisheni: serikali imepata 270, wala hakuna aliyeonewa.

Je, muuzaji akizitia mfukoni zile 180 na kufunga duka? Sheria ya 2017, kifungu cha 16, yasema mnunuzi atakata kodi ile ikiwa tu imefika serikalini kweli. Basi seremala ataambiwa alipe 270 zote. Ankara anayo, mbao alizipokea, fedha alitoa. Hata hivyo zile 180 zinamtoka mara ya pili. Naye katika meza zile amepata 500 tu juu ya bei ya mbao, na hapo hajahesabu misumari wala jasho lake.

Msidhani serikali ilitunga kifungu hicho kwa chuki. Wapo watu walioandika ankara za uongo, bila ubao hata mmoja kutoka ghalani, ili mwenzao akate kodi ambayo hakuna aliyeilipa.

Swali hili lilikuwa limekwisha kuulizwa Ulaya. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua mara mbili. Mwezi Januari ilisema kwamba mnunuzi asiyejua udanganyifu wa wengine hapotezi haki yake. Mwezi Julai ikasema kwamba aliyejua, au aliyepaswa kujua, anaipoteza. Mimi naliona jibu hilo kuwa la haki.

India mahakama hazikusema kwa sauti moja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Delhi, ikihukumu juu ya kodi ya zamani ya Delhi, ilisema kifungu cha namna hii kisimguse mnunuzi mwaminifu. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua vivyo hivyo, lakini nayo juu ya kodi ile ya zamani. Kuhusu kodi mpya, Mahakama Kuu ya Calcutta ilisema mwaka 2023 kwamba serikali imfuate muuzaji kwanza. Ile ya Patna, mwaka huo huo, ikakikubali kifungu kama kilivyo.

Kwa hiyo wanunuzi wamejifunza kujilinda. Kila mwezi hutazama taarifa ionyeshayo ankara ambazo wauzaji wao wamezitangaza kwa serikali. Wengine hulipa bei ya mali tu, wakazuia ile sehemu ya kodi mpaka ankara ionekane. Hata hapo, ankara kuonekana si sawa na fedha kufika.

Hesabu ya nyumbani: mwenye duka amenunua rangi ya rupia 2,000, akaiuza yote kwa 2,600, kwa kodi ile ile ya 18 kwa 100. Atapeleka serikalini kiasi gani? Na muuzaji wake akitoroka na kodi, atadaiwa kiasi gani? Majibu tutayasoma pamoja katika somo lijalo.