Nyonga ya Pili

Mwenzenu nina miaka 27 na natembelea gongo. Watoto wa mtaani kwetu wananiita babu, nimeshawazoea. Mwaka 2021 nilianguka kutoka mlangoni mwa daladala, shingo ya mfupa wa paja ikavunjika, nikapigwa skrubu tatu. Skrubu zikashika vizuri tu. Mfupa ndio uliokufa. Msishangae, mfupa nao hufa: damu ikikosa njia, kile kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya nyonga kinabonyea polepole, na kila hatua inakuwa kama kusaga kokoto.

Sasa daktari amenipa njia tatu. Nivumilie kwa vidonge. Au kiungo kigandishwe kisicheze tena maisha yangu yote. Au niwekewe nyonga bandia. "Tatizo lako, kijana, ni umri," akasema. "Wewe utaishi kuliko yenyewe. Itabidi ibadilishwe tena, pengine zaidi ya mara moja. Nenda kafikirie."

Sisi watu wa kalamu tukiogopa kitu tunakimbilia kusoma. Basi nikasoma.

Nikakuta kwamba mwaka 1891 huko Berlin, Themistocles Gluck aliwatengenezea wagonjwa wake viungo vya pembe za ndovu. Pembe za ndovu, bwana! Wengi wao viungo vyao vilikuwa vimeliwa na kifua kikuu, usaha ukarudi, kazi ikaharibika. Mwaka 1946 ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, wakaja na kichwa cha plastiki ngumu ya akriliki. Hicho nacho kililegea na kulika. Tena kililia. Uingereza kulikuwa na bwana mmoja ambaye nyonga yake ilikuwa ikilia kama mlango mbovu, mpaka mkewe akawa hataki kukaa naye chumba kimoja. Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza.

Kelele hiyo ndiyo iliyomtia mawazoni daktari John Charnley, aliyefanya kazi Wrightington, kaskazini mwa Uingereza. Akaona kiini cha shida ni msuguano. Akatengeneza kichwa kidogo cha chuma, kama milimita 22 tu, kicheze ndani ya kikombe cha Teflon, ile ile inayopakwa kwenye kikaango ili yai lisigande. Wagonjwa wakatoka wodini wanatembea. Sifa zikaenea. Aliwawekea watu kama 300.

Hapa ndipo nilipokaa sana. Baada ya miaka michache Teflon ilianza kulika, na vumbi lake likachoma nyama na kula mfupa. Charnley angeweza kulaumu kiwanda, au wagonjwa kwamba walitembea mno (mimi niliambiwa hivyo, eti niliukanyagia mguu mapema). Hakufanya hivyo. Akawafungua tena, mmoja baada ya mwingine. Na akajidunga Teflon kwenye paja lake mwenyewe, pamoja na plastiki nyingine ya jamii ya polithini, ili aone mwili utasemaje. Teflon ikaacha vinundu. Ile nyingine ikatulia. Plastiki hiyo ililetwa na mchuuzi, na mwenyewe Charnley aliidharau. Fundi wake, Harry Craven, ndiye aliyeiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo. Novemba 1962 ikaingia kwa mgonjwa wa kwanza.

Uzao wake ndio ninaopewa mimi leo. Kuna kikombe cha plastiki iliyoimarishwa, kuna kichwa cha chuma au cha kauri. Kuna pia chuma kwa chuma, ambacho vijana tulisifiwa sana kwamba ndicho chetu, mpaka 2010 aina moja ikaondolewa sokoni kwa sababu ya kulika na kumwaga chembe za chuma mwilini. Hicho sikitaki hata bure.

Utafiti uliotolewa 2019 kwenye jarida la Lancet unasema nyonga kama 58 katika 100 hufikisha miaka 25. Nikapiga hesabu: nitakuwa na miaka 52. Mama akaniuliza, "Na hiyo miaka 25 ungeipitisha vipi, mwanangu, kitandani?"

Jumatatu nimerudi kwa daktari. Nilikuwa na swali moja: ikiharibika, nani atanifungua? Akavua miwani. "Nikiwa hai, mimi," akasema, akafungua daftari la tarehe.