Haki ya Kusikilizwa katika Kamati za Bunge: Njombe na Bunge la Tanzania, 2008–2015

Kata ya Mjimwema imo katika mji wa Njombe, nayo ilikuwa sehemu ya jimbo la Njombe Kusini, ambalo mbunge wake hadi mwaka wa 2015 alikuwa Anne Makinda. Mwezi wa Novemba 2010 mbunge huyo alichaguliwa kuwa Spika, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho nchini Tanzania. Mkoa wa Njombe wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Ulimegwa kutoka Iringa mwaka wa 2012. Hivyo mabishano makubwa ya miaka ile juu ya uendeshaji wa kamati za Bunge yalipita mbele ya mtu aliyetumwa Dodoma kwa kura za watu wa Mjimwema na majirani zao.

Ili kuyafahamu mabishano hayo, yapasa kwanza kutazama kamati ina nguvu gani. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge ya mwaka wa 1988 yaipa kamati uwezo wa kumwita shahidi na kumtaka alete nyaraka. Ibara ya 100 ya Katiba nayo yalinda uhuru wa majadiliano Bungeni, hata maneno yaliyosemwa humo hayawezi kuhojiwa mahakamani. Kinga hiyo ni ya lazima, kwa maana mbunge mwenye hofu ya kushtakiwa hawezi kuisimamia Serikali. Walakini ina upande wake wa pili: mtu aliyetajwa kwa ubaya katika taarifa ya kamati hana pengine pa kwenda kujisafisha. Ibara ya 13(6)(a), iliyoingia katika Katiba pamoja na haki za msingi mwaka wa 1984, yataka mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine. Kama kamati ni chombo cha namna hiyo au si chombo cha namna hiyo, ndilo swali lililowasumbua wengi.

Swali hilo lilipata sura ya mtu mwezi wa Februari 2008. Kamati Teule ya wabunge watano, chini ya Harrison Mwakyembe, ilikuwa imechunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Taarifa yake ilisomwa tarehe 6. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akasimama Bungeni, akatangaza kujiuzulu, akalalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Wako waliosema kwamba nyaraka zilitosha. Huenda zilitosha kuthibitisha kilichotendeka. Ila nyaraka haziwezi kueleza nia ya mtu, na aliyeachwa nje ya chumba cha kamati hupata hoja ambayo hata wapinzani wake hawawezi kuipuuza. Spika wakati huo alikuwa Samuel Sitta, naye Anne Makinda alikuwa Naibu wake.

Alipokuwa Spika, jambo lenyewe likamjia kwa umbo jingine. Julai 2012, katika mjadala wa bajeti ya Nishati na Madini, baadhi ya wabunge wa kamati ya sekta hiyo walituhumiwa rushwa. Kamati ikavunjwa nzima, kisha uchunguzi ukakabidhiwa kamati ndogo iliyoongozwa na Hassan Ngwilizi. Mwezi wa Novemba Bunge likaelezwa kwamba tuhuma za rushwa hazikuthibitika. Uchunguzi ulifanyika, na ulifanyika vema. Lakini adhabu ilikuwa imetangulia, na wajumbe ambao hakuna aliyewataja walitiwa katika kapu moja na waliotajwa.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa la Novemba 2014, na hapa Njombe ilikuwa na watu wawili mahali pa maamuzi. Spika alitoka Njombe Kusini. Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa. Yeye na Mwenyekiti wake, Zitto Kabwe, waliwasilisha tarehe 26 taarifa juu ya akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa Benki Kuu. Kabla ya hapo Mahakama Kuu ilikuwa imetoa amri ya kuizuia hali isibadilishwe, lakini mjadala ukaendelea. Mlango wa mahakama ulipofungwa namna hiyo, mzigo wote wa haki uliangukia kamati na kiti cha Spika.

Ikilinganishwa na mwaka wa 2008, hatua ilikuwa imepigwa. Kamati iliegemea ukaguzi maalum wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na Waziri Sospeter Muhongo alipewa nafasi ndefu ya kujibu mbele ya Bunge zima kabla ya maazimio kupitishwa tarehe 29. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema, naye akiwa na kiti Bungeni, alijitetea, akajiuzulu Desemba. Muhongo alijiuzulu Januari 2015.

Hata hivyo waziri huwa na kiti Bungeni, na mtumishi wa umma hana. Eliakim Maswi, Katibu Mkuu wa Wizara, hakuweza kusimama ukumbini kuijibu taarifa. Kwake chumba cha kamati kilikuwa mahali pa pekee. Humo aliingia kwa jina la shahidi, na tofauti ya neno hilo na mtuhumiwa si ndogo: shahidi huulizwa alichokiona, mtuhumiwa huelezwa kwanza anachodaiwa. Alisimamishwa kazi Desemba 2014. Mwaka wa 2015, baada ya uchunguzi mwingine uliofanyika nje ya Bunge, Ikulu ikatangaza kwamba hakuonekana na kosa.

Deo Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi. Anne Makinda hakugombea tena, na watu wa Mjimwema walimpigia kura mbunge mwingine.