Uamsho na Dhima: Kutoka Gahini hadi Njiru

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Kangundo, akiisha kuipita Kayole na Komarock, huingia Njiru, mahali palipojulikana tangu zamani kwa machimbo ya mawe ya kujengea, na ambapo leo wamekaa watu walionunua ploti ndogo ndogo wakajijengea kwa kadiri ya rizki zao. Na hapo, baina ya nyumba zisizokwisha na maduka ya saruji na misumari, huyaona makanisa ya mabati na ya mahema, kila moja na vipaza sauti vyake na bango lenye picha ya mtume au nabii wake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Njiru na wakazi zaidi ya laki sita. Wengi wao wako mbali na koo zao na wazee wao, basi si ajabu kwamba dini yenye ahadi ya siha, kazi na jamaa wapya imepata maskani katika mitaa hiyo. Wako walioachishwa pombe humo, na wako wajane waliozikiwa wafu wao kwa michango ya waumini wenzao. Jambo hilo lastahili kutajwa kwa taadhima kabla ya lawama yoyote.

Lakini kuna swali ambalo halina budi kuulizwa: ni nani amtakaye mhubiri atoe hesabu? Uamsho wa kwanza wa Afrika Mashariki ulikuwa na jawabu. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, tabibu Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Na katika miaka ya 1930 moto ule ukawaka Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kabete, karibu na Nairobi. Wale Balokole, yaani waliookoka, hawakujitenga na makanisa yao. Walikutana kama ndugu, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakaita jambo hilo kutembea nuruni. Na katika nuru hiyo mkulima asiye na elimu aliweza kumwambia kasisi, tena Mzungu, kwamba ana kiburi, na kasisi akatarajiwa kutubu hadharani. Desturi ile ilikuwa na ukali wake, kwa maana maungamo mengine yaliwafedhehesha watu na kuleta ikhtilafu baina ya jamaa. Walakini hakuna aliyekuwa juu ya ushirika, wala uamsho haukuwa mali ya mtu mmoja.

Sambamba na huo ulikuwapo mkondo wa pili, wa Waafrika waliopokea Roho nje ya misheni, na mkondo huo ulionja uchungu chini ya serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa mwaka 1934 Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa watu wa Roho, aliuawa huko Musanda pamoja na baadhi ya wafuasi wake nyumba ilipotiwa moto. Na katika mwezi uliofuata polisi waliwapiga risasi Arathi watatu, yaani manabii wa Kikuyu, katika msitu wa Ndarugu. Yeyote ashangaaye kwa nini wahubiri wa leo hushtuka wasikiapo habari za kuandikishwa na serikali, na azikumbuke siku hizo.

Mambo yaligeuka baada ya mikutano mikubwa ya uponyaji, kama ule wa Mmarekani T. L. Osborn uliofanyika Mombasa mwaka 1957. Vijana walioguswa na mahubiri ya namna hiyo walianzisha makanisa yao wenyewe: Joe Kayo na Deliverance Church mwaka 1970, Arthur Kitonga na Redeemed Gospel Church katika bonde la Mathare mwaka 1974. Hao walijenga kwa jasho, na makanisa yao yamedumu. Ila mfano wa mwanzilishi, mwenye maono yake na jina lake, uliigwa na wengi waliokosa subira yao. Na serikali ilipoyafungua mawimbi ya redio na runinga katika miaka ya 1990, sauti ya nabii ilifika hata kwa watu wasiomjua kwa sura wala kwa mwenendo. Ndipo sadaka ikawa mbegu, na mbegu ikawekewa bei.

Novemba 2014 kipindi cha upelelezi cha runinga ya KTN kilidai kwamba katika kanisa la Victor Kanyari, Nairobi, maji ya kuwaosha waumini miguu yaligeuzwa kuwa mekundu mithili ya damu kwa dawa ya pamanganeti, na kwamba wenye shida walitakiwa kupanda mbegu ya shilingi 310. Februari 2020, mjini Moshi, Tanzania, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako katika ibada ya mhubiri Boniface Mwamposa. Kisha, Aprili 2023, yakafunuliwa makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, ambamo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliosemekana kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Paul Mackenzie, aliyekuwa kiongozi wao, ameyakana mashtaka mahakamani. Moyo wangu hulemewa zaidi na watoto wa msitu ule, ambao hawakuchagua mchungaji wala mfungo.

Serikali ya Kenya nayo imekwenda kwa kusitasita. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimamisha uandikishaji wa makanisa mapya mwaka 2014, na Januari 2016 zikatolewa kanuni zilizowataka wahubiri wawe na vyeti vya elimu ya dini, zikapingwa vikali na kuondolewa mwezi ule ule. Baada ya Shakahola, jopo la Mchungaji Mutava Musyimi liliundwa, likatoa ripoti yake Julai 2024. Kwa rai yangu cheti hakitoshi, kwani mlaghai naye aweza kusoma. Wala Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kilindacho uhuru wa kuabudu, hakimkatazi muumini kuuliza. Waumini wa Njiru wana haki ya kusomewa hesabu za sadaka yao, ya kuona hati ya ploti ya kanisa imeandikwa kwa jina la wadhamini badala ya la mchungaji na mkewe, na ya kuwa na wazee wa kanisa wawezao kumwambia nabii amekosea pasipo kuitwa wachawi. Hayo hayahitaji kungoja Bunge. Ndugu wa Kabete waliyaweza mambo ya namna hiyo bila sheria yoyote, wakiwa wameketi kwenye mabenchi wakitazamana.