Chai Baada ya Ugali: Madini ya Chuma na Damu ya Mkimbiaji wa Kaptagat

Tangu Eliud Kipchoge amalize masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, sahani ya Kaptagat, nchini Kenya, alikofanyia mazoezi, imekuwa kama kivutio cha utalii. Wageni hufika katika kambi anakofundisha kocha wake, Patrick Sang, wakapiga picha ugali, mboga chungu ya managu na maziwa ya mgando yaitwayo mursik, kisha wakaandika kwamba siri imo humo. Makala hii inaupinga usomaji huo. Afya ya damu na mishipa haiamuliwi tu na vyakula vilivyopo mezani. Huamuliwa pia na jinsi vinavyokutana tumboni. Kwa kipimo hicho, meza ya Kaptagat ina kasoro ambayo medali zimeifunika.

Kaptagat iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi huko huwa na oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko pumzi ya Mombasa. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa uongeze seli nyekundu. Lakini amri si malighafi. Kila molekuli ya himoglobini hubeba atomi nne za chuma, na chuma kikipungua uboho hutoa seli ndogo, zilizopauka. Vitamini B12 na foleti zikikosekana, seli hushindwa kugawanyika sawasawa, zikawa kubwa mno na chache. Moyo ndio unaolipa deni: hupiga mbio ili damu hafifu ifanye kazi ya damu kamili. Ndiyo maana mwenye upungufu wa damu huhema kwenye kilima kidogo ilhali mapafu yake ni mazima.

Mwaka 2004 Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha utafiti wa mlo wa wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na kila mmoja alikunywa kwa wastani zaidi ya lita moja ya chai ya maziwa kwa siku. Wasomaji wengi walishikilia wanga. Mimi nashikilia chai.

Managu ina chuma, ila ni chuma cha mimea, ambacho utumbo hufyonza sehemu yake ndogo tu. Fitati za mahindi hukinasa. Tanini za majani ya chai hukinasa zaidi, na kalsiamu ya maziwa huongeza kizuizi. Chai ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Vitamini C hufanya kinyume, hukifungulia chuma njia. Lakini mboga ikitokoswa kwa muda mrefu na maji yake yakamwagwa ili uchungu utoke, vitamini C na foleti nyingi hutoka nayo. Na embe za Bonde la Kerio, zinazoiva pale chini tu ya ukingo wa Elgeyo, hupandishwa hadi Eldoret zikaliwa njiani, mbali na ugali.

Mpinzani atauliza: mbona basi wanashinda? Faith Kipyegon, anayefundishwa na Sang huyohuyo, alitwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mita 1,500 mjini Paris mwaka 2024. Jibu ni kwamba bingwa ni mtu aliyechujwa kutoka maelfu, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Hawezi kuwa ushahidi wa mlo wa kijiji. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 18 za chuma kwa siku, mwanamume 8. Hata hivyo wote wawili hupakuliwa ugali uleule na kumiminiwa chai ileile.

Sisemi maziwa yaachwe. Kwa familia isiyokula nyama mara kwa mara, mursik ni chanzo muhimu cha vitamini B12, na potasiamu ya maziwa na mboga husaidia kudhibiti shinikizo la damu pale chumvi isipozidi. Ninachotetea ni saa. Chai isogezwe, inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, na nafasi yake mezani ishikwe na chungwa, pera au kipande cha embe.

Vidonge si njia ya mkato. Mwili hauna namna ya kutoa chuma kilichozidi; ini hutumia homoni ya hepsidini kufunga mlango wa utumbo, na anayemeza dozi kubwa bila kupimwa anaweza kuliumiza ini hilohilo. Sindano ya erithropoietini, iliyosababisha wanariadha wengi wa Kenya wafungiwe kushindana, ni mbaya zaidi: huifanya damu iwe nzito, ikaganda mahali isipotakiwa.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubisho, vikiwemo chuma na asidi ya foliki. Unga wa posho, unaosagwa mtaani kwa mahindi ya shambani, kwa kawaida haufikiwi na sheria hiyo, na ndio unaosongwa katika nyumba nyingi za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Maafisa wa lishe wa kaunti hizi mbili waanzie hapo: wapime damu ya wasichana wa sekondari, na wawashawishi wapishi wa shule watenganishe birika la chai na sufuria ya mboga.