Wakati wa Swala na Kibla kwa Simu: Mwongozo kwa Mzanzibari Aliyeko Dodoma na Kanda ya Kati

 

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na tangu 2016 Serikali imekuwa ikihamia Dodoma kwa vitendo. Familia nyingi za Unguja na Pemba sasa zina mtoto, mume au dada huko, na kila Ramadhani swali lao ni lile lile: nifuate adhana ipi? Kijana anasikiliza redio ya nyumbani kwa intaneti, simu yake ina programu ya nyakati za swala, na msikiti wa mtaani anakokaa unaadhini baadaye. Vitatu hivi havipatani. Naye hujiambia kuwa Tanzania ni moja na saa ni moja. Saa ni moja kweli, lakini jua linatufikia kwa zamu.

Mji wa Zanzibar na Dodoma vimekaa karibu sawasawa kwa latitudo, vyote digrii 6 na kitu kusini ya Ikweta. Kinachovitenga ni longitudo: Zanzibar ipo kiasi cha digrii 39.2 mashariki, Dodoma digrii 35.75. Dunia inazunguka digrii moja kwa kila dakika 4, kwa hiyo jua linafika Dodoma dakika 14 hivi baada ya kupita kwetu. Na kwa kuwa latitudo ni moja, tofauti hiyo inabaki vile vile mwaka mzima, kwa swala zote tano. Kwa wastani wa mwaka, jua la Zanzibar hufika katikati ya mbingu saa 6 na dakika 23 mchana, na la Dodoma saa 6 na dakika 37. Singida tofauti ni kama dakika 18, Tabora karibu dakika 25. Mpemba aongeze kidogo, maana Pemba ipo mashariki zaidi ya Unguja.

Maana yake kwa mwenye kufunga ni nzito. Anayefuturu Dodoma kwa adhana ya redio ya Zanzibar anakula jua likiwa bado halijatua. Anayeswali Alfajiri kwa adhana hiyo anaswali usiku. Anayerudi Unguja kwa ndege huku simu yake ikibaki na nyakati za Dodoma, huyo hupatwa na kinyume chake: anaendelea kula daku wakati alfajiri imeshaingia kwa dakika 14.

Simu inajuaje ulipo?

Njia ya kwanza ni satelaiti. Mfumo wa GPS ulitengenezwa na jeshi la Marekani. Hadi tarehe 2 Mei 2000 raia walipewa ishara iliyopunguzwa usahihi makusudi, kisha kizuizi hicho kikaondolewa. Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou, na simu nyingi za leo husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Simu hupokea ishara za satelaiti zisizopungua nne, hupima muda zilizotumia njiani, na hapo hupata mahali pake, uwanjani kwa kukosea mita chache tu.

Ukiwa ndani ya jengo, au umezima GPS, simu hukisia kwa minara ya mtandao na kwa Wi-Fi zilizo jirani. Ikikosa hizo, programu hutazama tu mlango ambao intaneti yako inatokea, na mara nyingi mlango huo upo Dar es Salaam. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Dar es Salaam kwa longitudo ni sawa na Zanzibar, kwa hiyo programu inakuonesha "Tanzania", nyakati zinafanana na za nyumbani, nawe unaridhika. Nyengine hukumbuka mji wa mwisho uliofunguliwa na hazibadiliki mpaka uziguse. Basi ukifika Dodoma, kabla ya kuitegemea programu yoyote, soma jina la mji lililoandikwa juu yake.

Tazama pia njia ya hesabu iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Zipo programu zinazohesabu Alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, na zipo zinazohesabu digrii 15. Kwa maeneo yetu haya karibu na Ikweta tofauti ya hizo mbili ni kama dakika 12. Kwenye Alasiri chagua hesabu ya Kishafii, si ya Kihanafi.

Aliyekwisha futuru kwa redio ya nyumbani

Kuingia wakati ni sharti la swala. Suratun Nisaa, aya ya 103, imeifanya swala kuwa faradhi yenye nyakati zake. Aliyeswali kabla ya wakati kwa kudhani umeingia, kisha ikambainikia sivyo, kwa madhehebu yetu ya Shafii anairudia.

Na saumu vile vile. Katika hadithi ya Asmaa binti Abi Bakr (R.A.) iliyopokewa na Bukhari, waliwahi kufuturu siku ya mawingu zama za Mtume (S.A.W.), kisha jua likachomoza. Wanavyuoni wengi, na Mashafii wakiwemo, wanasema mwenye kufikwa na hali hiyo hana dhambi wala kafara, bali anailipa siku hiyo. Wapo wachache wasiowajibisha kadha, na Ibn Taymiyya ni katika wao. Sisi tunafutu kwa kauli ya wengi: kijana aliyefuturu Dodoma siku kumi kwa redio ya Zanzibar azihesabu siku zake azilipe. Asipokuwa na hakika ya idadi, ashike ile ambayo moyo wake unatulia kuwa haipungui.

Na msikiti wa mtaani? Mwadhini mwaminifu anayeujua wakati anafuatwa. Simu nayo ni mleta habari tu: ukiijaribu siku kadhaa kwa kutazama jua linavyotua ikawa kweli, itegemee, ukiikuta inakwenda kinyume na jua, jua ndilo la kufuatwa.

Hili linamhusu zaidi msafiri. Treni ya SGR ilianza safari za Dodoma mwaka 2024, na ya jioni kutoka Dar es Salaam inakwenda upande ule ule linakokwenda jua, kwa hiyo Magharibi inasogea mbele yako. Utafuturu kwa mahali ulipo jua linapotua, si kwa stesheni uliyopandia. Aliye angani na akaliona jua bado asifuturu, hata kama chini yake watu wanakula. Dubai mwaka 2011 wanavyuoni waliwaelekeza wakaazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa wachelewe kufuturu dakika mbili au tatu kwa sababu hiyo hiyo.

Kibla

Kwetu Unguja kibla ni karibu kaskazini kamili, imezidi digrii moja tu kuelekea mashariki. Dodoma ni digrii 8 mashariki ya kaskazini, Kondoa vivyo hivyo, Singida kiasi cha 10 na nusu, Tabora 14. Anayetandika mswala kuelekea kaskazini tupu akiwa Dodoma, mstari wake unapita jangwani Sudan, zaidi ya kilomita 400 magharibi ya Makka.

Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, aliye mbali hutakiwa kuilenga Kaaba yenyewe kwa dhana iliyo nzito. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wanatosheka na upande. Kwa hiyo swala zilizopita zenye mkengeuko mdogo namna hii sioni haja ya kuzirudia, ila baada ya kujua, geuka. Mihrabu za misikiti iliyoswaliwa na Waislamu miaka mingi hazipingwi upande wake kwa sababu ya simu. Kusogea kidogo kulia au kushoto ndani ya upande huo kunaruhusiwa. Nimeona watu wakigombana msikitini na simu mkononi, na simu zenyewe haziafikiani! Dira ya simu ni sumaku: nondo za zege, mabati, gari, hata kifuniko chenye sumaku huipoteza.

Kipimo kisichodanganywa na nondo kipo. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba. Saa ya Makka na yetu ni moja. Simamisha mti ulionyooka Dodoma au Wete, na upande lilipo jua dakika hiyo ndio kibla. Elimu hii ni yetu tangu zamani: Al-Biruni, aliyefariki karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na kibla cha mji wa Ghazna kikiwa lengo lake mojawapo.

Nani mwengine anajua ulipo?

Novemba 2020 Motherboard, chombo cha habari cha Marekani, kiliripoti kuwa taarifa za mahali za watumiaji wa programu ya Muslim Pro zilikuwa zikiifikia kampuni ya X-Mode, ambayo iliuza taarifa za namna hiyo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaizuia kampuni hiyo kuuza taarifa nyeti za mahali. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023.

Yapo mambo yanayohitaji nyumba yako ijulikane. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilizipa nyumba namba na mitaa majina, na programu ya NaPA inaweza kumwongoza mtu hadi mlangoni. Mwenye msiba Nkuhungu au Nzuguni, na jamaa wanatoka Unguja kwenda kuzika, anaijua faida yake.

Swala haihitaji nyumba yako, inahitaji mji wako tu. Kutoka katikati ya Dodoma hadi Mtumba tofauti ya wakati haifiki dakika moja. Basi izuie programu ya swala isisome mahali, chagua "Dodoma" kwa mkono, na siku ya kurudi nyumbani ibadilishe kabla ya kula daku.